Siku Niliyomwita Daniel

Nilipokuwa darasa la tatu kule Masii, nilitumwa kumpeleka ndugu yangu mdogo shuleni kwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa Mbiti, yaani fisi. Wavulana wawili waliomtangulia walikufa wakiwa wachanga, na Susu, nyanya yetu, ndiye aliyempa jina hilo siku aliyozaliwa. Kwa Wakamba wa zamani, mtoto wa namna hiyo alikabidhiwa fisi kwa maneno, ili kifo kimwone si wa mtu, kimpite. Susu alitukataza kumwita jina lingine lolote mpaka meno ya utoto yang'oke. Hata ubatizo Mama aliusogeza mbele.

Mimi niliona aibu. Mwalimu alipouliza, "Huyu anaitwa nani?" nikajibu, "Daniel."

Akaandika.

Mbiti alilipenda. Njia nzima ya kurudi alilirudia, na tulipofika akamwendea Susu, aliyekuwa akipepeta mbaazi uani.

"Susu, mimi siku hizi naitwa Daniel."

Susu akaweka ungo chini. "Nani amekupa hilo jina?"

"Mwalimu," nikadakia.

Akaokota ungo, akaendelea kupepeta.

Wiki haikuisha. Homa ilimshika Mbiti Jumatano. Ijumaa asubuhi Baba alimfunga mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli kwenda zahanati. Mchana tulimwona akirudi kwa miguu, anaikokota baiskeli, mtoto bado mgongoni. Mama alijua kabla hajafika. Kwenye mazishi katekista alimtaja kama Daniel. Susu hakuniuliza kitu siku ile, wala baadaye, hadi naye akafa.

Nimekuwa nesi miaka mingi. Nimewahudumia watoto wengi wa malaria, na najua ndugu yangu aliuawa na mbu, na umbali wa zahanati.

Mwaka huu mwanangu, anayeishi Mumbuni, amepata mtoto wa kiume, akamwita Mbiti Jayden. Siku hizi Mbiti ni jina la ukoo zaidi. Wachache humpa mtoto liwe jina lake mwenyewe. Mwanangu alilipenda kwa sababu si la kila mtu. Lilikotoka hajui.

"Mama," aliniuliza juzi, "mbona wewe unamwita Mbiti tu, si Jayden kama sisi?"

"Nimezoea hivi," nikamjibu.

Siamini kwamba jina huua mtu. Kinachonikaa moyoni ni kwamba nilimwonea aibu mtoto mdogo, akazikwa kwa jina nililomtungia mimi, na Susu nilimwacha aende akiwa bado na uongo wangu kwamba jina alilitoa mwalimu.