Kamba Niliyoikata Gashoho

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mkuu wa gereji ya mradi wa maji pale Gitega, ambaye sote tulimwita Chef, alinipa kitambaa na ndoo ya sabuni, akanionyesha pikipiki iliyorudi kutoka Makebuko ikiwa na matope mpaka kwenye taa. "Osha," akasema. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nimevaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi, kwa hiyo nikakunja uso. Chef aliniona.

"We kijana, umenuna? Sikiliza. Mwenye kuosha njo wa kwanza kuona ufa. Hakuna docteur anapimaka mugonjwa akiwa amevaa koti."

Nikaosha, na kweli nikakuta ufa mwembamba kwenye chuma cha kubebea mizigo. Tangu siku hiyo sikununa tena mbele ya ndoo.

Ninyi vijana mnaofungua gereji siku hizi, naomba mnielewe jambo moja. Pikipiki ya safari si ile ya teksi inayozunguka sokoni. Ya safari hubeba mtu, nguo zake na vyombo vyake vya kazi, siku tano mfululizo, juu ya vilima vyetu hivi. Mnyororo wake huachwa ulegee kidogo, maana mzigo ukikaa, nyuma ya pikipiki hushuka, na mnyororo uliokazwa sana hukatika. Kichujio cha hewa, ile sponji inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini, kilioshwa kila safari wakati wa kiangazi. Oili tuliimwaga injini ikiwa bado na joto, ili itoke na uchafu wake. Spoki tulizigonga moja moja kwa bisibisi na kuzisikiliza, na iliyolegea ilijitaja yenyewe kwa sauti yake butu.

Halafu kuna vifaa vya kuongezea: masanduku ya pembeni, kioo cha kukinga upepo, vyuma vya kulinda injini, chaja ya simu. Hapo ndipo fundi hujisifu, na hapo ndipo nilipoharibu mimi. Chef alikuwa na sheria asiyoipunguza hata kwa mkubwa. Ukishaongeza kitu chochote karibu na usukani, hata kiwe kidogo namna gani, washa injini, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, usikilize. Sauti isibadilike. Kebo ya gazi, yaani ule waya unaotoka mkononi mwa dereva kwenda kwenye kabureta, ikibanwa mahali huvutwa usukani unapogeuka, na pikipiki hukimbia bila kuamriwa.

Sheria hiyo niliifuata miaka yote niliyokaa Gitega, nikapanda cheo, nikahamishiwa Muyinga nikiwa fundi pekee. Mkubwa wangu huko alikuwa Logisticien, mkuu wa vifaa na usafiri, mtu wa saa na makaratasi. Sikuwa na ugomvi naye. Nilijulikana kwa usafi wa kazi: waya zangu zilikaa kama nywele zilizosukwa, na watu walikuja kuziangalia. Sifa hizo nilizipenda kupita kiasi.

Aliyeitumia zaidi kazi yangu ni Byamungu, msimamizi wa chemchemi. Alikuwa Mkongomani wa Uvira aliyeingia Burundi kama mkimbizi, mlokole, baba wa watoto wanne, na mkewe aliuza vitenge sokoni. Kila wiki alizunguka vijijini akipima maji, huku akiimba kwa sauti ndani ya kofia ya chuma. Hakuwa mtu wa mbio. Kuku walimpita.

Asubuhi moja nilikuwa nimemfungia kioo kipya cha upepo. Nikawasha injini, nikageuza usukani pande zote mbili, kila kitu kikawa sawa. Ilikuwa saa moja. Saa mbili kasoro Byamungu akaja na kichaja kidogo mkononi.

"Papa Rama, unifungie na hii. Simu inazimikaka kule Gashoho, halafu bibi anafikiri nimekufa."

Logisticien alikuwa amesimama mlangoni na saa yake. "Saa mbili ni saa mbili, messieurs!"

Nikapitisha waya wa chaja pembeni ya kebo ya gazi, nikavibana vyote viwili kwenye fremu kwa kamba moja ya plastiki yenye meno, nikaikaza, nikakata mkia wake. Ilipendeza. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, Byamungu akapanda, akaondoka. Usukani sikuugeuza tena.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mtu mwingine.

Simu ilipigwa mchana. Nilikwenda na dereva wa pikapu kuifuata pikipiki, kwenye mteremko wa chemchemi mbele kidogo ya Gashoho, na tukakuta Byamungu ameshapelekwa hospitali ya Muyinga. Mkulima mmoja aliyeona ajali alikuwa bado anashika kichwa, na pikipiki aliiita moto, kama wengi wa huku.

"Yoo! Moto ililia kama iko inapanda mulima, na kumbe iko inashuka! Alikata hii kona kali, kuume, ikamurusha mu migomba."

Kuume. Nikakumbuka sheria ya Chef. Dereva alikwenda kutafuta watu wa kutusaidia kupakia, nikabaki peke yangu na pikipiki. Nikashika usukani, nikaugeuza kulia. Injini ilikuwa imezimwa, lakini kutoka kwenye kabureta nikasikia *tak*. Nikaurudisha, nikageuza tena. *Tak*. Kamba yangu ilikuwa imeishika ile kebo kooni. Nikatoa koleo, nikaikata, nikaitia mfukoni. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo linanitia aibu mpaka leo.

Jioni Logisticien alinipa fomu. Mahali pa hali ya chombo niliandika: hakuna hitilafu. Ilikuwa imebaki chini ya miaka miwili nistaafu.

Byamungu alisema tangu siku ya kwanza kwamba pikipiki ilikimbia yenyewe. "Kila anayeanguka anasema hivyo," Logisticien akajibu, na mbele yake ilikuwepo ripoti yangu. Akaandaa barua ya kumwachisha kazi kwa kosa la mwendo wa kasi, ikawa inamsubiri Mratibu wa mradi aje kutoka Gitega kuitia sahihi. Kazi ikiondoka, na matibabu ya ule mguu yangeondoka nayo, na daktari alikuwa ameshasema lazima upasuliwe utiwe chuma.

Siku ya tano mke wa Byamungu alikuja gerejini. Alisimama nje ya mlango, hakutaka kiti.

"Papa Rama, mi sikuje kulia. Nauliza tu. We njo unajua ile moto. Inaweza kukimbia yenyewe?"

Nilikuwa na spana mkononi, nikaiangalia kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Mama," nikasema, "mashine ni mashine."

Alinitazama kidogo. "Aksanti, papa," akasema, akaenda zake. Nilitamani angenitukana. Ijumaa ile nilikaa safu ya mwisho msikitini, na mpaka watu wanatoka sikuwa nimesikia neno la hotuba.

Siku ya tisa Mratibu akafika. Niliona gari lake likiingia, nikaona Logisticien anampokea na faili chini ya kwapa. Niliosha mikono, nikapiga hodi. Nilisimama mbele ya meza yao nikaeleza yote: chaja, kamba, kona ya Gashoho, koleo.

Logisticien alicheka kwa pua; kwake mimi Mwislamu na Byamungu Mkongomani tulikuwa kabila moja. "Bwana Mratibu, hawa Waswahili wanasaidianaka tu. Anamuonea mwenzake huruma. Ripoti hii hapa, ameandika na mukono yake."

"Kamba yenyewe iko wapi?" Mratibu akauliza.

"Niliitupa chooni."

"Basi mzee, huna kitu."

Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wake. Nilichokifanya ili nisijulikane ndicho kilichowazuia sasa kuniamini. Nikamwambia, "Nipe dakika kumi na ile pikipiki. Usipoona kitu, tia sahihi."

Tukaitoa stoo, kioo kimepasuka, sanduku moja limebonyea. Nikachukua kamba mpya, nikabana waya na kebo palepale, kwa mkazo uleule. Hofu nyingine ikanishika: je, kama ajali imekunja kitu na injini isilie? Hapo Byamungu angepotea kabisa, na kwa mkono wangu mara ya pili. Nikawasha. Injini ikatulia. Nikageuza kushoto, ikabaki imetulia. Logisticien akakohoa.

Nikageuza kulia. Injini ikapiga kelele, ikapanda, ikapanda, Logisticien akaruka nyuma mpaka akagonga ukuta. Nikaurudisha usukani, ikanyamaza.

Mratibu alinisogeza pembeni, akashika usukani mwenyewe. Akageuza kulia mara mbili, na mara zote mbili ikalia. Kisha akazima.

"Ulifunga hivi?"

"Hivi hivi."

"Halafu ukakata, ukaandika hakuna hitilafu."

"Ndiyo, Bwana Mratibu."

Akaichukua ile barua ya Byamungu kwenye faili, akaichana vipande vinne, akaomba karatasi nyingine. Ile iliandikwa jina langu: lawama ya maandishi, na kurudishwa Gitega chini ya mkuu mwenye umri wa mwanangu. Nilitia sahihi bila kuisoma.

Alasiri nilikwenda hospitali. Byamungu alikuwa amelala, mguu umefungwa, mkewe pembeni anamenya chungwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Kwanza alicheka, machozi yakamtoka.

"Unasikia, mama Neema? Ilienda yenyewe! Mi siko mwendawazimu. Papa Rama, nilianza kufikiri labda nilisinzia, labda nilifungua gazi mi mwenyewe kwa ujinga. Usiku wote najiuliza." Kisha kicheko kikakatika. "We ulijua siku gani?"

"Siku ileile. Palepale Gashoho."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, mpaka tisa. Mkewe akaacha kumenya.

"Kufunga mubaya, papa, hiyo nimesamehe. Ni kazi, hata mi nakoseaka. Lakini hizo siku tisa, hizo uniachie kwanza."

Sasa nimestaafu. Vijana wa Gitega huniletea pikipiki zao zenye taa za rangi na spika, nami nawafundisha ninachokijua na kuwagombeza bure. Byamungu naye alihamishiwa huku, anasimamia chemchemi za Ryansoro. Anachechemea kidogo, lakini bado anaendesha, bado anaimba. Kila Idi huja nyumbani na mkewe, tunakula pilau, tunabishana juu ya matairi, tunacheka mpaka jirani anachungulia. Akiondoka humsindikiza mpaka kwenye geti, na kila mara hukaa juu ya pikipiki kidogo kabla ya kuwasha, kama mtu mwenye neno. Kuhusu zile siku tisa hajaniambia kitu, na mimi sijathubutu kumwuliza.