Zéphyrin na Geji Namba Tatu

Zéphyrin ni Mkongomani wa Kakuma, fundi wa geji za presha. Ukimpa geji kuukuu, hukuambia ilitengenezewa kazi gani na imepita wapi. Nilisafiri kutoka Lodwar kumwona kwa sababu shemeji yangu Lokaale alisema mbele ya ukoo kwamba marehemu mume wangu, Epuyo, aliiba geji iliyo sebuleni kwangu. Usoni ina namba tatu kwa rangi nyekundu, alama ya mtambo wa zamani wa maji mjini, ambako Epuyo alikuwa fundi.

"Mume wangu alizikwa kwa heshima," nilimwambia Zéphyrin. "Nataka barua ya fundi."

"Keti kwanza, mama. Geji haijibu mtu aliyesimama."

Kazi hiyo alijifunza katika karakana ya reli kule Likasi, akiwa na miaka kumi na sita. Alipokimbia vita alibeba bisibisi tatu, akaacha viatu. Mkewe, Céline, humcheka kwamba anaongea na vyuma kuliko watu.

"Vyuma havinikatizi maneno," humjibu.

Nilidhani atasoma jina la kiwanda. Hata hakulitazama. "Uso ni nguo tu, mama. Mutu anaweza kuvaa ya jirani." Akafungua kioo, akang'oa mshale taratibu, akautoa uso. Nyuma yake mlikuwa na mrija uliopinda kama mundu. Presha ikiingia, mrija hujinyoosha na kusukuma mshale. Akausogezea sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio. Ikanata.

"Chuma," akasema. "Geji ya maji huwa na mrija wa shaba, na shaba haishiki sumaku. Chuma huwekwa penye amonia, maana amonia inakula shaba. Hii imetoka kwenye mashine ya barafu. Mzee alifanya kazi ya barafu?"

"Kabla ya maji alikuwa Kataboi, kwenye ghala la samaki. Lilipofungwa, mwenye ghala aliwagawia mafundi vifaa. Barua yake ninayo."

"Basi ndiyo hiyo. Geji ya mtambo ilikufa, akatia mrija wake nyuma ya uso wa serikali ili maji yaendelee. Ona alama za penseli hapa usoni: alisahihisha vipimo kwa mkono."

Niliitambua hati ya Epuyo, saba zake zenye kistari katikati.

"Andika habari za mrija," nikasema. "Uso uuache."

"Hapana, mama. Mrija ni wake, uso si wake. Nikiandika nusu, hiyo si barua ya fundi."

Céline alileta chai. Nilikimaliza kikombe kizima kabla ya kumjibu mumewe.

"Andika yote mawili."

Jumapili ukoo ulipokutana niliwasomea barua neno kwa neno. Lokaale akacheka.

"Kwa hiyo aliiba uso?"

"Mtambo ulipobadilishwa alichukua mrija wake, akaondoka na uso pia, wala hakuurudisha. Kesho nitaupeleka ofisi ya maji mwenyewe, niseme nani aliuchukua. Nitasema pia maji mliyokuwa mkinywa yalipimwa kwa mrija wa nani."

Lokaale hakucheka tena. Aliuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili."

"Nitakupitia, shemeji. Alikuwa kaka yangu."