Noti Ndani ya Kijikapu cha Kahawa

Hajira Telesphory alipata nafasi aliyokuwa akiiota tangu mwaka wa kwanza wa chuo: wiki nane za mafunzo kazini katika ofisi ya mipango mjini Kibaha, mahali sera zinapoandikwa kabla hazijateremshwa kwa wananchi. Alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaisoma barua vizuri, akaikuta ile sentensi ambayo waandika barua hupenda kuificha chini kabisa: hakuna posho, hakuna malazi, na asiyeripoti Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine.

Alikuwa akiishi Marui, Kisarawe, kwa bibi yake mzaa mama, Mwanamkuu, aliyemlea kwa mihogo na korosho za shambani. Kutoka Marui kwenda Kibaha na kurudi kila siku si safari ya mtu mwenye akili timamu. Kupanga chumba nako hakukuwezekana, maana korosho za msimu ule zilikwisha kwenye ada. Wenzake wenye ndugu mjini walikuwa wameshapiga pasi nguo za ofisini. Hajira alikuwa anajifunza kulia kimyakimya ili bibi asisikie.

Lakini bibi alisikia. "Baba yako alikuwa na watu wake," akamwambia. "Wahaya wa Kibaha wana umoja wao. Walikuja hapa msibani, wanaume wazima wakalia kuliko sisi. Nenda kawaone."

Kumbe umoja ule ulikuwa na ufadhili wake. Kila mwaka walimchukua mwanafunzi mmoja, mtoto wa nyumbani aliyepata mafunzo yasiyo na malipo, wakampa kitanda, chakula na nauli. Katibu wao, Mzee Anselmi, alimwambia kwa simu aje Jumapili, kikao kitakuwa uani kwake.

Tatizo lilikuwa hilo neno, mtoto wa nyumbani. Hajira alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki. Kihaya hakujua hata cha kuombea maji, na Bukoba aliijua kwenye ramani.

Jumapili akafika, amevaa baibui jeusi na viatu vya kuazima. Watu kama thelathini walikaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki. Akawapa shikamoo, akaitikiwa vizuri. Kisha Mzee Hashiru, mweka hazina, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, akauliza swali ambalo Hajira aliliogopa njia nzima.

"Binti, nyumbani kwenu ni wapi?"

Hajira akavuta ncha ya baibui huku akipima majibu mawili. Akisema Marui, amejifukuza mwenyewe. Akisema Bukoba, amedanganya wazee.

"Atajibu baadaye," akadakia Ma Adventina, nesi mstaafu aliyeketi karibu naye. "Mpeni mtoto apumue. Kahawa ipite kwanza."

Maskini, Hajira hakusikia neno kahawa. Kichwani alikuwa anapanga jibu, analipangua, analipanga tena. Alichokiona ni kijikapu kidogo cha kusukwa, chenye mdomo mwembamba, kinatoka mkono hadi mkono. Kila mtu alitumbukiza ngumi, akaitoa, akampa jirani. Kwa watu wa Marui hilo halihitaji maelezo: kikapu kikipita kwenye kikao cha wazee, unatia chochote ulicho nacho, tena kwa ngumi iliyofumbwa ili mwenye kidogo asiaibike. Kilipomfikia, Hajira akatumbukiza noti yake ya elfu kumi, nauli yote ya kurudia, akampokeza Mzee Anselmi kijikapu.

Mzee Anselmi akaingiza vidole kutafuta buni zake, punje za kahawa ambazo Wahaya huzitafuna wanapokaribisha mgeni. Akatoa noti.

"Nani ametia hela kwenye kahawa?"

Vicheko vikaanza upande wa kina mama. Hajira akatazama, akaona mashavu yanatafuna, akaelewa. Alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo akasimama.

"Ni mimi, wazee wangu. Naomba radhi. Kwa bibi yangu kikapu kikipita, tunatia. Nilidhani mnachanga."

"Tunamchangia nani?" akauliza Mzee Hashiru.

"Sikujua, mzee. Kwetu hatuulizi."

"Na utarudije?"

Hajira akatabasamu kwa aibu. "Hapo nilikuwa sijafika."

Ma Adventina alicheka mpaka akashika mbavu. "Ee waitu! Mtu amekuja kuomba, ameanza yeye kutupa sisi!" Uani kote watu wakaangua kicheko, cha kweli, kile kinachomfanya hata anayechekwa acheke. Mzee Hashiru peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta polepole.

"Baba yake alikuwa hivihivi," akasema. "Alinipa koti lake siku nilipohamia hapa, mvua ilikuwa inanyesha. Akaenda nyumbani amelowa." Akavaa miwani. "Mimi sina swali tena."

Jumatatu Hajira aliripoti kazini akitokea Pangani ya palepale Kibaha, nyumbani kwa Ma Adventina, na ndizi za kupika kwenye kontena la chakula cha mchana. Pale ofisini alijipatia jina mapema. Wakubwa walikuwa wamepanga kwenda Magindu kusikiliza maoni ya wafugaji kuhusu maji, na wakachagua siku ya mnada wa ng'ombe. "Siku ya mnada mtamsikiliza nani?" akauliza Hajira, kisha akakumbuka yeye ni mwanafunzi. Siku ikabadilishwa, watu wakafurika, na maoni yao akayaandika yeye.

Wiki ya nane ilipokwisha, bibi Mwanamkuu alikuja mwenyewe kushukuru, na mfuko wa korosho za kukaanga. Kijikapu kikapita. Hajira alikuwa amemfundisha kila kitu: Bibi, unachukua tu, hutii kitu. Bibi akaitikia, akachukua buni mbili, akazitafuna, akakunja uso. Halafu akajaza kijikapu korosho mpaka juu.

"Bibi!" akanong'ona Hajira.

"Nimechukua," akasema bibi kwa sauti. "Sasa natia. Ningekaaje na kikapu kitupu mkononi?"

Siku hiyo uani kwa Mzee Anselmi walitafuna kahawa kwa korosho, na hakuna aliyelalamika. Kisha mweka hazina akasimama kumtambulisha mwombaji wa mwaka unaofuata, kijana aliyekaa kwenye kiti cha pembeni akikunja na kukunjua barua yake. Kabla ya kumuuliza chochote, Mzee Hashiru alimwonyesha Hajira kwa kidole.

"Usiogope. Keti pale karibu na dada yako," akamwambia kijana. "Huyo ni mtoto wetu. Swali lile namjibia mimi: nyumbani kwetu ni Marui."

Hajira akalia, safari hii mbele ya bibi na watu wote, wala hakujificha.