Wifi yangu anasema nina mwanaume Uholanzi

Na hilo la alama ya ufunguo juu ya kioo cha simu yangu, admin, ndilo nililosahau kukuandikia jana, na bila hilo wasomaji hawataelewa kitu. Nina miaka ishirini na tatu, niko Kasongo, nimeolewa wiki sita zilizopita na mwanaume ambaye nikisikia tu hatua zake moyo unaruka. Ficha majina yote.

Mume wangu anafundisha shule kule kijijini Wamaza. Kabla hajaondoka aliketi nami mkekani akaniwekea VPN, ndiyo hiyo yenye alama ya ufunguo, kwa sababu siku hizi programu tunayopigiana haifunguki huku bila hiyo. Akanieleza taratibu: "Sheri wangu, mpenzi, ona. Simu yako itaingia kwanza kwenye mashine iliyo Uholanzi, halafu ndiyo ije kwangu." Akachagua programu hiyo moja ipite huko, zingine zifuate njia ya kawaida, mega za intaneti zisiishe bure. Jamani, mume gani anayeitengenezea sauti yake njia namna hiyo? Kila saa kumi jioni anapanda kilima penye mtandao, na "nakupenda" yake inazunguka Ulaya ndipo inifikie jikoni, bado ya moto.

Sasa wifi yangu. Aliachika akarudi kwao. Ana cheti cha komputa cha miezi mitatu kutoka Kindu, amekitundika sebuleni juu ya kiti cha baba mkwe. Huyo ndiye aliyeazima simu yangu akakuta imeandikwa kwamba imeunganishwa na Uholanzi, masaa matatu. Mwenye cheti akasoma alivyoweza.

"Mama, njoo uone. Muke wa kaka iko na mwanaume Ulaya. Masaa tatu wako pamoja, hawajaachana hata kidogo."

Nikasema, "Wifi, hiyo ni njia tu, si mtu."

Akanicheka. "Mie nilisoma komputa. Njia gani ya Wamaza inapita kwa Wazungu? Wamaza iko hapa, pikipiki inafika."

Mume wangu alimweleza mama yake mwenyewe. Wifi akasema kaka yake amekwisha kulishwa kitu. Jumapili wajomba wanakuja: nifute VPN mbele yao, na simu ibaki kwa wifi. Simu ya kawaida kule kilimani inakatika kabla ya kumaliza salamu. Nikifuta, sauti ya mume wangu imekwenda.

Kinachonichukiza ni hiki. Kabla ya hayo yote, huyuhuyu alinifuata jikoni akanong'ona, "Bibi harusi, unitilie na mie hiyo kitu, video zangu hazifunguki." Nikamtilia, nikampitisha palepale Uholanzi. Inawaka mpaka leo, na msomi wetu hajawahi kuifungua aone kilichoandikwa.

Jumapili naweza kusema tu, "Wajomba, ombeni na simu ya wifi muitazame." Lakini nawajua wale wazee. Hawatasema "kumbe ni njia". Watasema "kumbe wako wawili", na mwanamke aliyeachika atabeba aibu kuliko mimi. Kwa ujinga wake simwonei huruma. Ila mume wangu anampenda sana dada yake.

Basi nyinyi msio na cheti ukutani, niambieni kabla ya Jumapili: niseme, au ninyamaze nitoe simu?

Na wewe mpenzi, kama unasoma haya huko kilimani: simu ibaki au iende, kabla mwezi haujaisha nitapanda pikipiki nije Wamaza. Mimi sitapitia Uholanzi.