Mbuzi wa Akika

Mwanangu, jana kwenye simu uliniambia mwenzako wa chuoni, Myahudi, kakueleza sehemu ya Taurati wanayoisoma wiki hii: baraka kwa anayetii, laana kwa mkaidi, nyama gani iliwe na ipi isiliwe. Ukacheka, "Babu, Mungu ana habari gani na sufuria zetu?" Lakini nna siku moja sijaisahau, nikusimulie.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, hapa hapa Maskati. Bibi yangu, aliyetulea tangu tulipotoka Unguja, alinituma Qurayyat nikamlete mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto mchanga wa dada yangu. Akaniusia, "Usisimame njiani." Nami kurudi nikasimama Ruwi kunywa chai na wenzangu, mbuzi nimemfunga nyuma ya pikapu, jua la Juni! Soga zikanoga. Kutoka, mbuzi kafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Niliogopa aibu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikampitisha kisu shingoni, nikamchuna, nikapeleka nyama nyumbani. Ikapikiwa pilau.

Bibi alikuwa haoni tena. Akaniita, akaniweka mkono kichwani.

"Umechinja kwa bismillahi?"

"Ndiyo, bibi."

Akaanza kuniombea: kizazi chema, riziki, mwisho mwema. Wallahi, mkono ule ulinielemea. Uani wageni walishaanza kunawa. Nikautoa mkono wake.

"Bibi, usiniombee. Ni kibudu. Kafa kabla sijamchinja."

"Imwagwe yote. Na wageni kawaambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikawaambia huku nalia. Wakala mkate na tende. Mjomba wangu mmoja hakusema nami mwezi mzima, na haki yake.

Walipoondoka, bibi akaniita tena. "Njoo ukae. Dua yangu sijaimaliza."

Basi mwanangu, hiyo nyama Mungu haimpunguzii kitu. Amri ile ndogo ndiyo iliyonijulisha mimi ni mtu gani pale nisipoonwa. Tii hata ukiwa peke yako. Ukikosea, sema kabla wenzio hawajatia tonge kinywani. Njia ya mwongo ni fupi. Na radhi ya mzazi usiipokee kwa uongo, haitakukaa.

Mungu akupe tonge la halali, akupe ulimi wa kweli siku utakayoona haya, na akurudishe kwetu salama. Amin.