Vyungu Viwili vya Maharage

Lea alikuwa na majiko mawili, na asiyejua sababu alidhani ni majivuno. La mbele lilikuwa uani, la kila siku. La nyuma lilijificha penye migomba, na hilo lilikuwa la nguruwe. Kila jiko lilikuwa na chungu chake, kisu chake na upawa wake, na upawa wa nyuma aliuunguza mpini makusudi ili usichanganywe. Yeye na mumewe Stefano, Wakristo wapya kabisa, waliteremka kutoka milima ya Usambara wakati reli ya Wajerumani ilipofika Korogwe ikitafuta watu wa kutandika mataruma. Wakapata kiwanja ubavuni mwa Mwaija, Mzigua, Mwislamu wa swala tano. Homa ya bondeni ilipomwangusha Lea kabla hata hajafungua mizigo, ni Mwaija aliyemnywesha uji. Tangu hapo Lea aliapa kwamba nguruwe wake hatamkera jirani yake hata kwa harufu. Harufu, kusema kweli, ilimshinda.

Na nguruwe wenyewe walitoka kwa nani, kama si kwa Mhina, mume wa Mwaija! Nguruwe mwitu walikuwa wakila mahindi yake kana kwamba waliyapanda wao. Mhina akachimba shimo la mtego, na kila alipomkuta mmoja humo, alipaza sauti akiwa mbali.

"Mtani! Mgeni wenu amefika. Njoo umchukue, mimi simshiki hata mkia!"

Basi Mhina aliponya mahindi, Stefano alipata kitoweo, na kila mmoja alijiona amemzidi mwenzake akili.

Wiki ya harusi ya Zuena, binti wa Mwaija, shimo lilimnasa mnono. Stefano aligawana na wenzake wa reli, akarudi na bega zima begani kwake. Lea alifurahi, maana bega la nguruwe alilijua. Ni nyama kaidi, imejaa mishipa, na mwenye haraka nalo atatafuna kamba. Alilichanja ngozi, akalisugua chumvi, ndimu na pilipili, akalilaza chunguni na maji kidogo, akafunika kwa majani ya mgomba. Moto ulikuwa wa kubembeleza, tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Alipofunua, mfupa ulichomoka wenyewe.

Siku hiyo walikula wakashiba, lakini sifa ya Lea hasa ilikuwa katika kiporo. Mafuta aliyaengua akayatia kibuyuni ya kukaangia mboga. Minofu iliyobaki aliichambua akaipika na ndizi mbichi. Ngozi aliibanika mpaka ikawa kavu ya kukatika kwa mlio, na Stefano akaitafuna kama karanga. Vipande vingine alivitundika juu ya moshi. Mwisho kabisa, mfupa mtupu uliingia kwenye maharage, na maharage yakanoga kuliko nyama. Mwenye bega moja la nguruwe akilala njaa wiki hiyo, asimlaumu Mungu.

Siku ya mfupa iliangukia mkesha wa harusi. Na hapo ndipo penye habari, kwa sababu Lea alikuwa amepewa heshima kubwa. Mwaija alisema mbele ya shangazi zake waliotoka Kang'ata kwa miguu, "Wali wa mwanangu ataupika Lea."

"Huyu mla nguruwe?" akauliza shangazi mkubwa.

"Huyu huyu. Mkono wake naujua."

Lea alikosa usingizi kwa furaha. Asubuhi ya siku hiyo ya mkesha, uani kwa Mwaija kulikuwa kumejaa wanawake wa kutwanga mpunga, hapakuwa hata na pa kuweka figa. Mwaija akamletea chungu chake kikubwa, alichofinyanga marehemu mama yake, kimejaa maharage ya watwangaji, akakiinjika kwenye jiko la mbele. Kwa hiyo Lea alikuwa na vyungu viwili vya maharage, kimoja mbele, na kile cha mfupa nyuma, akizunguka baina yavyo. Zuena akapita, hina mikononi, wakataniana kuhusu bwana harusi na masikio yake makubwa. Lea akatoka nyuma akicheka, akafika mbele, akakoroga chungu mzunguko mzima. Ndipo alipouona mpini ulioungua.

Hakuna aliyeona. Zuena alishaenda, na ng'ambo ya ua watwangaji walikuwa wakiimba. Maharage yalitokota vilevile, hayakubadilika hata rangi. Akisema, shangazi wa Kang'ata watakuwa wamepata walilolitaka, na wali wa Zuena ataupika mwingine. Labda na ujirani utakwisha. Lea aliuchomoa upawa chunguni. Kisha akaenda kumwita Mwaija.

Mwaija aliutazama ule upawa. "Nani ameona?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Si ungenyamaza?"

"Mngekula, Mama Zuena. Nami ningewatazama mkila."

Mwaija akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yakaanza kumtikisika. Lea akadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi. "Shangazi zangu! Watoke Kang'ata yote ile waje kulishwa nguruwe!"

Yale maharage yote yalihamia jiko la nyuma, na Stefano akawaita watu wa reli. Bega moja halikuwahi kulisha wengi namna ile. Watwangaji walipewa mihogo, na sababu yake Mwaija aliwaambia mwenyewe, bila kuficha neno. Chungu walikipeleka mtoni. Mwaija akakiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, na Lea akamtekea maji.

Siku ya harusi Lea alivaa nguo zake safi, akakaa mlangoni kwake. Hakutazamia kitu. Moshi ulipanda uani kwa Mwaija, na sauti ikafuata.

"Lea! Moto umeshashika, mpishi yuko wapi?"

Alipoingia, shangazi waligeuka kumtazama. Mwaija akamkabidhi mwiko mpya, mweupe, uliochongwa na Mhina. Lea akafunga kibwebwe, akapika wali. Ulipoiva, Mwaija akachota, akala mbele ya wote, kisha akampakulia shangazi mkubwa.

"Kula, shangazi. Huyu husema kweli hata pasipo shahidi."

Bibi kizee aliutazama wali, akamtazama Lea, akatia tonge mdomoni. Alitafuna taratibu, akameza, akamega jingine. Kisha akaegemea upande wa chungu, alipokuwa Lea, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie:

"Lea mwanangu, ukoko uniwekee."