Minana wa Mjohoro Wetu

Minana ni ndege wenye kelele kuliko mnada. Kwetu Mkolani walijazana kwenye mjohoro wa uani, na mimi, mtu wa kupenda usingizi, nimewatukana asubuhi nyingi. Dume ni wa manjano, uso mweusi, jicho jekundu. Anachana majani ya migomba ya mama, anasuka kiota, kisha ananing'inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikataa, dume anafumua chote na kuanza upya.

"Ungekuwa mnana wewe," baba alikuwa akimtania mama, "ningejenga mpaka nife."

Baba alitoka Kagera na imani ya bibi yake: minana wakijenga kwenye mji wa mtu, mji una baraka, wakihama, mwenye mji naye hakai duniani. Mwaka huu alikuwa kitandani, anaumwa, mvua zilipokatika na mjohoro ukanyamaza. Akauliza minana wako wapi. Mama, ambaye hajui kudanganya, akamwambia wamehama. Basi baba akafunga mdomo. Uji hataki, maji kwa kubembelezwa.

Nilikasirika. Mtu aache kula kwa sababu ya ndege! Nikatoka nje, na hapo ndipo nilipowaona: kundi zima linadonoa pumba uani, kimya, rangi ya nyasi kavu. Ungesema ni shomoro. Lakini mdomo ulikuwa uleule mnene, jicho lilelile jekundu. Msimu wa kujenga ukiisha, dume huvua manjano yake, ugomvi wa viota unakwisha, wanakula pamoja.

Nikambeba baba hadi mlangoni. Alikuwa mwepesi, nikaumia moyo.

"Ni walewale, baba. Wamebadili nguo tu."

Aliwatazama muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Ni wao," akasema. "Kumbe hawajanikimbia. Mama watoto, lete uji."

Mama alikwenda jikoni mbio, analia na kucheka. Kijiko cha kwanza baba alikipokea kwa mdomo wazi, kama mtu mwenye njaa kweli. Uji ukamrudia kidevuni. Cha pili vilevile. Sasa yeye alitaka kula, koo ndilo lililokataa. Akanitazama kwa aibu, akajaribu tena kumeza.

Mama akamfuta kwa pindo la khanga, akajaza kijiko.